Figa la Tatu

Quiterajo, 3 Machi 2025

Wewe Chamsudine, jizi la maneno,

Sikusalimii. Salamu ni za watu wenye adabu, na ukoo wenu haujawahi kuwa nayo. Nimesikia bado uko hai huko Dar es Salaam na nimesikitika sana, maana kanzu ya kuvaa kwenye msiba wako nilishaifua.

Tumerudi nyumbani kutoka ukimbizini tangu Januari, mimi, mama na mke wangu Mariamo, ambaye tumbo lake sasa linaingia mlangoni kabla yake. Nyumba ilibaki kuta tatu. Chumba cha mama nimeshakiezeka, sisi wengine tuko chini ya turubai. Simu hazishiki tangu mnara uchomwe, ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi kama babu zetu. Barua nampa Tuaibo, yule anayepeleka pweza wakavu Mtwara. Kutoka hapo atatafuta mtu wa basi.

Tuaibo ana sola, dishi na tivii. Jumatano tulibanana barazani kwake watu arobaini kuangalia kipindi chako. Yule jirani mwenye kichwa kikubwa, anayemtukana mwenzake kupitia ukutani, ni mimi. Usikatae. Lile neno lake, "Nitakuzika Ijumaa," nililisema mimi siku tunamzika baba yako, nilipovaa kofia yake nikakohoa kama yeye, nikalalia jembe kaburini mpaka nipewe kuku, na mama yako akacheka huku analia. Leo nchi nzima ya watu inalisema, na mwishoni linatokea jina lako. Nabaki najiuliza mwenyewe lile jichwa limefikaje Dar es Salaam bila mwili.

Sitaki kitu. Nataka siku moja waandike pale mwishoni: matusi yote ni ya Ossufo.

Mwezi ujao nakwenda Afungi, kwenye kambi ya gesi, kuomba kazi ya jikoni. Nijibu kabla sijaondoka. Nitukane vizuri, maana huku watu wamekuwa wapole mno. Siku hizi ukimtania mtu anakutazama mikono kwanza, aone kama una panga.

Mtani wako, atakayekuzika,
Ossufo


Dar es Salaam, 19 Machi 2025

Kwa Ossufo, mwili mdogo uliotundikwa chini ya kichwa,

Barua yako imefika ikinuka pweza. Nimeisoma mara nne, na mara ya tano nimeisomea wenzangu kazini. Samahani. Sentensi ya jichwa lililosafiri bila mwili itatoka kwenye kipindi cha mwezi wa tano, nimeshaiandika.

Nikwambie kazi yenyewe ilivyo, maana mnadhani nakaa kwenye kiti cha enzi. Tuko waandishi sita katika chumba kisicho na dirisha. Wananiita Mreno, eti kwa kuwa kwetu walitawala Wareno. Kila ukurasa lazima uwe na vicheko vitano, na pale penye kicheko naandika kwenye mabano, KICHEKO, ili fundi wa sauti ajue pa kubandika watu waliorekodiwa wakicheka miaka ya nyuma. Wengine wao huenda walishakufa, na bado wananichekea. Bosi akisoma ukurasa akakuta vicheko vitatu tu, ananirudishia hapohapo. Hapo ndipo nafungua droo yenye daftari la matusi yako ya simuni. Msimu wa tatu huu, vipindi themanini na viwili, na nakuambia kweli mara moja tu halafu nitakana: bila droo ile wangeshanifukuza.

Basi, umeomba kutukanwa. Sikia. Ijumaa naja kukuzika. Jembe ninalo. Waambie wote wa nyumba hiyo wajiandae, maana nikiingia sibagui mkubwa wala mdogo. Kichwa chako nitaondoka nacho nikakifanye figa la tatu. Mawili ninayo tayari.

Msalimie mama, yule bibi mchoyo wa mchuzi. Mwambie sanda yake naichagua mwenyewe, ya rangi ya njano, aonekane kwa mbali.

Mtani wako,
Chamsudine


Quiterajo, 9 Aprili 2025

Shemeji Chamsudine,

Assalamu aleikum. Ossufo amekamatwa.

Aliondoka Ijumaa, tarehe nne, kwenye gari aliyopanda na Tuaibo. Kwenye kizuizi cha barabarani waliteremshwa wote wakapekuliwa. Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa pamoja na guia, karatasi yake ya ruhusa ya safari. Mmoja wa walinzi anajua Kiswahili, akaisoma kwa sauti. Tuaibo anasema mlinzi alipofika pale "mawili ninayo tayari," watu waliosimama karibu na Ossufo walisogea wote, hata mama mmoja wa hapahapa anayetujua tangu utoto. Tuaibo naye alisogea. Amekuja kuniambia hivyo analia.

Mimi niliisoma ile barua kabla hajaondoka. Nilicheka, sikudanganyi. Halafu nikamwambia aiache nyumbani. Akasema njia ni ndefu, ataisoma garini.

Shemeji, wewe uliondoka kabla ya vita hii. Waliokuja na mapanga unawajua kwa kusikia. Neno lile uliloandika, la sehemu ya juu ya mwili, sisi huku hatulitaji. Hata sokoni ukinunua samaki unasema nipe upande wa juu. Watoto wamezoea, wanadhani ndiyo jina lake. Wewe umeliandika kwa wino, na Ijumaa, na jembe, na kuingia bila kubagua mkubwa wala mdogo. Sikulaumu. Hapana, nakulaumu. Nimebakiza wiki chache nijifungue na mume wangu sijui amelala wapi.

Tuaibo amefuatilia. Kuna mtu wa utawala, Senhor Adérito, ametoka Quelimane, mbali kusini, yuko huku mwaka wa nne na Kiswahili anakiandika. Barua yako iko mezani kwake. Anasema hana mamlaka ya kumtoa mtu, ila ana mamlaka ya kuandika maoni, na maoni yake yanasomwa. Mwandikie. Kwa adabu. Usitie hata neno moja la kuchekesha.

Mariamo


30 Aprili 2025

Kwa Bwana Chamsudine, mwandishi wa televisheni,

Nimepokea barua yako ya tarehe 20 Aprili. Umeandika kwamba maneno yale ni utani na kwamba kila mtu wa pwani hii anaujua. Mimi si mtu wa pwani hii. Nimekulia mjini, baba yangu alikuwa mtu wa reli, na sikuwahi kuwa na mtani. Nimewauliza watu wanne ofisini. Wawili walisema utani upo. Wawili walisema ulikuwepo.

Umeambatanisha pia karatasi zenye kipindi chako. Nimezisoma. Nimeona neno KICHEKO limeandikwa mara nyingi. Katika barua uliyomwandikia mzuiliwa, neno hilo halimo.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Nieleze barua ile mstari kwa mstari: mtu anacheka wapi, na kwa sababu gani. Kwa nini Ijumaa, wakati yeye alisafiri siku ya Ijumaa? Jembe ni la nini? Ni nani hao wanaotakiwa kujiandaa? Yale mawili uliyo nayo tayari ni nini, na yako wapi?

Ni haki yako kujua anayeuliza ni nani. Nilikuwa na karani, jina lake Luís, umri wake miaka ishirini na sita. Alipenda sana kuchekesha watu, ofisi hii ilikuwa na kelele. Tulimtambua kwa viatu. Basi ukifika kwenye mstari ule, eleza polepole.

Adérito


Dar es Salaam, 6 Mei 2025

Senhor Adérito,

Kwanza pole kwa Luís. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, na siku mbili sikuweza kuandika kitu chochote, hata cha kazini. Katika kazi yangu, ukiombwa kueleza mzaha ujue mzaha umeshakufa. Kurasa hizi mbili zimenichukua muda kuliko kipindi chochote nilichowahi kuandika.

Ijumaa: Ossufo ni mvivu na mzito, na hujisifu kwamba kila mtu anampenda. Sisi tunamwambia afe Ijumaa, siku watu wamejaa msikitini, kwa sababu siku nyingine hatapata wa kumbeba. Hapo watu hucheka kwa kuwa si kweli. Yeye wangembeba siku yoyote.

Jembe: kwenye msiba mtani huja na jembe lakini hachimbi. Hulilalia kaburini na kukataza watu wasichimbe mpaka apewe kuku. Waliofiwa hukasirika, halafu hucheka, na wakishacheka wanaweza kupumua. Ossufo alinifanyia hivyo siku ya baba yangu. Ninaposema jembe ninalo, namwahidi kwamba hatazikwa bila mimi. Kwetu hiyo ndiyo ahadi kubwa kuliko zote, na tunaisema kwa matusi kwa sababu kuisema kwa adabu kunatia aibu.

Wanaotakiwa kujiandaa ni mama yake na mkewe. Mtani akiingia nyumbani hula kwenye sahani ya kila mtu, mkubwa na mdogo.

Sasa mstari ule. Polepole. Jiko la mama yangu lilikuwa na mafiga mawili mazuri, na la tatu lilikuwa jiwe bovu, fupi. Chungu kiliinama upande mmoja, mchuzi ukamwagika. Ossufo alikuwa na miaka kumi na alikuja kula kwetu kila siku. Mama akamwambia, "Wewe mwanangu, lete hicho kichwa chako hapa chungu kinyooke." Tangu siku hiyo jina lake nyumbani kwetu ni figa la tatu. Yale mawili ni mawe, Senhor. Yako uani kwa marehemu mama yangu, kama bado yapo. Maana ya mstari wote ni kwamba bila Ossufo chungu chetu hakikai.

Hapo ndipo tulipokuwa tunacheka. Sikufikiri kwamba neno lile limebadilika huko nilikotoka. Nimeliandika nikiwa katika mji ambako kichwa ni kichwa tu. Kosa ni la mwandishi, si la aliyeandikiwa.

Kama bado una shaka, msomee mstari ule kwa sauti na umtazame usoni. Kicheko cha kubandika nakijua, ndiyo kazi yangu. Cha kwake utakijua.

Chamsudine


23 Mei 2025

Kwa Bwana Chamsudine,

Nilifanya ulivyoshauri. Tarehe 13 Mei nilimsomea ile barua uliyomwandikia, mbele ya walinzi wawili. Kwenye Ijumaa alikuwa anatazama sakafu. Kwenye figa la tatu alicheka, na si kidogo. Alicheka mpaka akashika meza.

Siku hiyohiyo niliandika maoni kwamba hicho si kicheko cha mtu mwenye siri. Maoni yalikwenda kunakohusika. Jana, tarehe 22, ameachiwa. Nilimkabidhi mwenyewe nakala ya maelezo yako, nikaona ni haki yake. Barua ya kwanza itabaki kwenye faili.

Mimi sikucheka. Lakini nilielewa ni wapi.

Adérito


Quiterajo, 11 Juni 2025

Kwa Ndugu Chamsudine,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini u mzima wa afya.

Napenda kukujulisha kwamba nimerudi nyumbani salama. Nakushukuru kwa juhudi zako. Mariamo alijifungua tarehe 10 Mei, mtoto wa kike, jina lake ni Nazira. Mama yangu hajambo, isipokuwa presha. Kazi ya Afungi haikupatikana.

Nakutakia mafanikio katika shughuli zako za televisheni.

Wako katika udugu,
Ossufo Amade


Dar es Salaam, 2 Julai 2025

Ossufo,

Barua yako imenitisha kuliko ile ya Mariamo. Ya Mariamo ilisema umekamatwa. Hii yako inasema umekufa, na aliyeiandika ni mtu wa ofisini.

Miaka thelathini hujawahi kuniita ndugu. "Napenda kukujulisha!" Nimekufanya nini? Najua nilichokufanya. Lakini sijui chote. Senhor Adérito alikusomea tarehe 13 na ukatoka tarehe 22. Ukicheka leo, kwa nini utoke baada ya siku tisa? Katikati hapo kulikuwa na nini?

Huku bosi anataka maneno ya yule jirani, na mimi sina. Juzi niliandika "Nitakuzika Ijumaa" kama kawaida, nikafika kwenye mabano, na neno KICHEKO likanishinda. Nikaufuta mstari. Bosi akasema mstari huo ndio kipindi chenyewe, nikajibu kwamba sitauandika tena. Wamempa mwenzangu aandike. Mimi nimebaki kuhariri, na mwezi wa tisa mkataba unakwisha. Sijali sana. Nilikuwa naiba, na aliyeibiwa ameacha kutoa.

Nitukane, Ossufo. Neno moja tu, hata la kitoto. Andika kwamba nanuka.

Chamsudine


Quiterajo, 16 Agosti 2025

Chamsudine,

Uliuliza siku tisa. Nitakueleza mara moja na usiniulize tena.

Senhor aliposoma pale kwenye figa, nilimwona mama yako na mwiko wake, na kicheko kikanitoka. Sikukiita. Senhor akaenda ofisini kwake kuandika. Walinzi waliobaki wakasema nimewacheka wao. Ule mstari walikuwa wameshaukariri. Kila asubuhi, siku zote tisa, walinisimamisha wakanisemea, halafu wakasubiri nicheke tena. Sikucheka. Meno mawili ya mbele sinayo. Senhor hajui, sikumwambia, kwa sababu ni mtu mwema na aliandika vizuri.

Barua yako ya kwanza haikuniudhi. Iliyoniudhi ni ile ya kueleza. Nimeisoma mwenyewe. Kwamba bila mimi chungu chenu hakikai, kwamba wangenibeba siku yoyote. Maneno hayo ulipaswa kuniambia mimi, au usimwambie mtu kabisa. Umemwambia mgeni wa serikali, kwa mhuri na tarehe. Nililia kwa kuyapenda, halafu nikakasirika kwamba nimeyapata kwenye nakala. Ndiyo maana nikakuandikia kama karani. Nilitaka uone ladha yake.

Sasa nimeacha hasira, maana kuna jingine. Mama amefariki. Jumatatu, tarehe nne, presha ilipanda asubuhi na adhuhuri hakuwepo.

Watu walikuja wengi. Watani wa ukoo wenu waliobaki hapa ni wawili, Rajabo na dada yake. Walikaa pembeni, mikono mapajani, wakatupa pole kwa sauti ndogo. Jembe lililetwa na mchimbaji likachimba. Hakuna aliyelilalia. Hakuna aliyedai kuku. Mimi nilisimama kaburini nikisubiri mtu mmoja aseme neno baya, aseme hata kwamba alikuwa mchoyo wa mchuzi, na wote wakanitazama mikono. Mama aliyewatukana watu hawa miaka sabini amezikwa kwa heshima, kama mtu aliyekuwa anapita njia. Mpaka leo sijapumua.

Arobaini yake ni tarehe 12 Septemba. Ndiyo, ni Ijumaa. Sikuichagua mimi, imehesabika yenyewe.

Njoo. Barua hii ukiisoma ichome. Usibebe karatasi yoyote zaidi ya hati zako za safari. Kizuizini jibu unaloulizwa tu na usitabasamu. Ukimwona mtu unayemjua usimwite kwa jina la utani. Njiani kote uwe mpole kama hao wengine.

Mariamo hataki neno lile lisemwe humu ndani, na Nazira tangu azaliwe hajalisikia. Tumezungumza siku tatu. Nimemwambia mtoto atalisikia tu, kama si leo basi mwakani, na mimi nataka alisikie kwanza kwa mtani wake, watu wakicheka, kabla hajalisikia kwa mtu mwingine. Mwisho amekubali. Amesema ila upige hodi kwa adabu.

Nitakuwa nimekaa na mtoto mapajani. Ingia, funga mlango, mtazame vizuri. Upande wa juu amenirithi mimi, maskini, hata kofia za watoto hazimtoshi. Usitoe pole. Anza na kichwa.

Mtani wako,
Ossufo